Vepu ya Kuanzia

Ujumbe wa sauti uliingia nikiwa kwenye mapumziko ya kazi huku Leeds, kikombe cha chai mkononi. Nyuma ya sauti ya mpwa wangu niliisikia Minjila nzima, ile njia panda ya kwetu bonde la Tana: honi ya basi la Lamu, kondakta akiita Malindi, mama mmoja akinadi embe. "Shikamoo mjomba. Ukija mwezi wa kumi na mbili, niletee vepu. Ile ya mtu anayeanza."

Niliusikiliza mara mbili. Vepu haikunishangaza, sasa zimejaa kila mahali. Neno lililonikwama ni kuanza. Kijana ana miaka kumi na tisa, anaendesha bodaboda pale njia panda, na nimjuavyo hajawahi kutia sigara mdomoni. Sasa anaanza nini?

Mimi nilianzia hapo hapo, kwenye kibanda kilichotazamana na kizuizi cha polisi. Sportsman moja moja, kiberiti cha kuazima. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku, ya 2007, haitaki sigara ziuzwe kwa pakiti yenye chini ya kumi, lakini sheria zikitoka Nairobi hufika Minjila zimechoka kama abiria wa Lamu, na hadi leo sigara moja moja zinauzwa pale mchana kweupe. Tukimaliza kuvuta tulitafuna majani ya mpera, tukasugua vidole kwa ndimu, na bado ami alikuwa akitunusa toka mbali. Ami mwenyewe ni mvutaji, tena mkubwa. Lakini kuvuta mbele ya aliyekuzidi umri ni jambo jingine. Mpaka leo, na mvi zangu hizi, nikimwona anakuja mkono unakwenda wenyewe nyuma ya mgongo. Harufu ndiyo iliyokuwa askari wetu, na alikuwa hahongeki.

Leeds nilifika nikivuta sigara sita, saba kwa siku. Baridi, zamu za usiku na ukimya wa chumba cha kupanga vikanifikisha pakiti nzima. Pakiti huku imepita pauni 15. Kila jioni nilikuwa ninachoma mtungi mdogo wa gesi wa mama yangu, na chenji juu.

Vepu yangu ya kwanza niliinunua kijinga. Niliingia dukani nikaelekeza kidole kwenye ile kubwa kabisa, yenye betri mbili na kioo cha namba, kwa akili ya kwetu kwamba kinene ndicho kinachodumu. Muuzaji hakuniuliza ninavuta sigara ngapi. Nikatia juisi kali kuliko zote alizokuwa nazo, nikavuta kwa pupa kama mtu anayefuturu Ramadhani. Kichwa kilizunguka, kwikwi ikanishika, nikaketi kwenye ngazi za duka la jirani huku wapita njia wakinitazama kama mlevi wa saa nne asubuhi. Kesho yake nikarudi kwenye sigara.

Aliyenifundisha ni mshauri wa huduma ya kuacha sigara, mama wa makamo mwenye subira ya mkunga. Ilikuwa 2023, mwaka ambao serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja vifaa vya kuanzia vepu pamoja na ushauri nasaha. Kabla ya kunionyesha kifaa chochote alinipulizisha kwenye kipimo cha kaboni monoksidi. Kikasoma 24. Kisha akauliza maswali mawili tu: unavuta ngapi kwa siku, na ukiamka asubuhi unakaa muda gani kabla ya kuwasha ya kwanza? Nilimwambia kabla sijavaa soksi. Akaandika.

Kumbe kuchagua vepu ya kwanza ni kuanzia hapo, kwenye majibu hayo mawili, wala si kwenye rangi ya kifaa. Ile kubwa niliyonunua ni ya kuvuta mvuke moja kwa moja mpaka mapafuni, nayo hutaka juisi nyepesi, ya miligramu 3 au 6 za nikotini kwa mililita. Mtu anayetoka kwenye sigara huvuta kwanza mdomoni, kisha ndipo ashushe. Huyo hufaa kifaa kidogo cha podi, kisicho na vitufe vingi, na kama anavuta pakiti kwa siku, nguvu karibu na ukomo wa sheria ya Uingereza, yaani miligramu 20. Anayevuta kidogo huanza chini zaidi. Juisi yenyewe ni propilini glaikoli na gliserini, nikotini na ladha. Ndani mna koili, waya mdogo uliozungukwa na pamba. Pamba hunywa juisi, waya hupata moto, mvuke unatoka. Ukishaweka koili mpya na kujaza juisi, subiri dakika kumi pamba ilowe. Ukiwa na haraka, pamba itaungua na utapata ladha ya ukoko uliosahauliwa jikoni, isiyotoka hadi ubadilishe koili. Na usivute kwa pupa. Polepole, kama mtu anayekunywa uji wa moto.

Hakuna kinachoungua, ndiyo siri yote. Lami na kaboni monoksidi hutokana na tumbaku kuungua. Wiki ya nne kipimo kilisoma 2, na nilipanda ngazi za ghala ninakofanya kazi bila kushika ukuta.

Nikotini, hata hivyo, haikwenda popote. Mfuko uliobeba pakiti sasa unabeba podi, na mkono unakwenda pale pale. Ramadhani ya kwanza nilijaribu kujidanganya kwamba mvuke si moshi, nikamwendea imamu wetu wa huku na hoja nimezipanga. Alicheka tu, akaniuliza kama nimekuja kuuliza au kuomba ruhusa.

Madaktari wa Uingereza husema sentensi ndefu kidogo kuhusu vepu: haina madhara mengi kama sigara, lakini si salama, na asiyevuta asiianze. Sisi wa ughaibuni tukirudi nyumbani hubeba nusu ya kwanza ya sentensi hiyo pamoja na chokoleti na manukato. Nusu ya pili hubaki uwanja wa ndege.

Nimejiuliza sana kwa nini nusu hiyo ina uzito tofauti huku Leeds na kule Minjila. Mwaka 1974 karibu nusu ya watu wazima wa Uingereza walikuwa wavutaji. Nchi nzima ilikuwa imetumbukia kisimani, na mfamasia wa Kichina, Hon Lik, alipobuni sigara ya kielektroniki 2003, naye mwenyewe akiwa mvutaji, alikuwa ametengeneza ngazi. Kwetu utafiti mkubwa wa kitaifa wa 2014 ulikuta watumiaji wa tumbaku ni asilimia 11.6 tu ya watu wazima, na kwa wanawake haifiki tano. Walio kisimani ni wachache, ami akiwa mmoja wao. Ngazi tukiileta na kuiegemeza pale stendi, watakaoipanda ni hao wachache. Lakini ngazi hushusha pia.

Hata hao wenye ngazi wameanza kuiogopa. Tangu tarehe 1 Juni 2025 Uingereza imepiga marufuku kuuza vepu za kutumia na kutupa, kwa sababu watoto walizipenda mno na betri zake zikajaa kwenye taka. Tangi halizidi mililita 2, chupa ya juisi yenye nikotini haizidi 10, na aliye chini ya miaka 18 hauziwi. Uganda ilifunga mlango mapema kwa sheria yake ya 2015. Kenya tumezoea kukimbizana na kilichokwisha kupita: shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017 ikiwa imeshaingia mpaka kwenye harusi. Kisha vikaja vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo, ambavyo bibi zetu wangevitambua mara moja kuwa ni ugoro uliovaa suti. Mwaka 2024 Mombasa na Kilifi zikaikataza muguka, yale majani ya kutafuna, mahakama ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo, na wauzaji wakakunja magunia wakayakunjua tena.

Nilikwenda Desemba. Ndani ya begi la mkononi, kwa kuwa betri za namna hii haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege, nilikuwa na podi moja mpya, pakiti mbili za koili na chupa za juisi ya ladha ya tumbaku. Zilikuwa za ami. Ya mpwa wangu sikuleta, na nilijiona nimefanya busara kubwa.

Basi lilinishusha njia panda jua likiwa utosini. Mpwa wangu alikuwa chini ya mwarobaini na wenzake wanne, pikipiki zimepangwa, na kati yao kilikuwa kinazunguka kidude cha rangi ya machungwa, toka mdomo hadi mdomo. Busara yangu iliishia hapo. Walikuwa wamechanga elfu moja na mia tano, mmoja wao akakinunua Mombasa. Nikakigeuza nione nguvu ya nikotini. Kulikuwa na maandishi mengi, na idadi ya mivuto kwa maelfu, lakini namba niliyoitafuta sikuiona. Ladha: embe.

Ng'ambo ya barabara, hatua ishirini, akina mama wa Kipokomo walikuwa wameketi nyuma ya vilima vya embe, ngowe na dodo, na nzi wamewazidi wateja. Msimu ukifurika bonde la Tana, embe kumi ni shilingi hamsini, na zisizouzwa huozea hapo hapo. Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama: kile kidude kilikuwa na thamani ya embe mia tatu. Betri ikiisha hutupwa kwenye jalala la nyuma ya stendi, na jalala huchomwa jioni.

"Mjomba, hii si sigara," akaniambia akitabasamu. "Ni mvuke."

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Si ndiyo unayovuta?"

Nikamwambia mimi nilikuwa ninaungua, na hii kwangu ilikuwa ndoo ya maji. Akatazama jua, akatazama wenzake.

"Basi mimi naogea tu, mjomba. Joto hili!"

Walicheka, na mimi nikacheka, kisha nikajichukia kidogo kwa kucheka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipokaribia hakuna aliyeficha mkono. Mvuke wa embe hauna harufu ya kukushtaki kwa ami yako. Shangazi akipita atadhani umekula pipi. Askari wetu wa zamani amestaafu, na hakuna aliyeajiriwa mahali pake.

Kwa ami kulikuwa na mkeka, chai ya maziwa, na kile kikohozi cha asubuhi ninachokisikia hata kwenye simu. Ana miaka arobaini na zaidi ya Sportsman. Nilimweleza kila kitu, koili, pamba, dakika kumi, na nikasisitiza chupa ya juisi ikae mbali na wajukuu, maana ni sumu ikinywewa. Alisikiliza kama anavyowasikiliza maafisa wa mafuriko. Vidole vyake havikuweza kufungua kile kifuniko kidogo. Mpwa wangu, aliyekuwa amenileta kwa pikipiki, akakichukua, akakifungua mara moja, akajaza bila kumwaga hata tone, akahesabu dakika kumi kwa simu yake.

Ami alivuta, akakohoa, akavuta tena, polepole. Akaniuliza, "Sasa hii inaisha lini?"

"Juisi?"

"Hapana. Sigara ikiisha mtu husimama akaenda shambani. Hii nitajuaje kwamba nimemaliza?"

Mshauri wangu wa Leeds hakunifundisha jibu la swali hilo. Huwa ninakaa na podi mbele ya televisheni saa tatu nzima na sijawahi kujiuliza.

Nyumbani kwake hakuna stima. Paneli ya jua ni ya taa na redio. Kwa hiyo tulikubaliana kifaa kichajiwe stendi, na mimi nikaondoka nikiwa nimeridhika. Wiki tatu baadaye nilimpigia. Kikohozi kilikuwepo, ila kifupi zaidi, au ndivyo nilivyotaka kusikia. Alisema sigara amepunguza, sasa nne kwa siku.

"Na kile kifaa, ami? Kinafanya kazi?"

"Kizuri sana," akasema. "Kiko kwa mjukuu wangu. Amekipeleka kuchaji."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Ilikuwa Ijumaa.