Harufu Niliyoileta Nyumbani

Yapata miaka 12 sasa tangu mimi na mke wangu tulipoihama nyumba yetu ya bati, tukarudi katika nyumba ya tembe aliyotuachia marehemu mama yangu. Katika kijiji chetu, wilayani Mkalama, mkoa wa Singida, watu hutoka katika tembe wakaingia katika bati. Hapana atokaye katika bati akarudi katika tembe. Kwa hiyo tulichekwa. Wengine walidhani nimefilisika, na wengine walinong'ona kwamba upo mkono wa mtu. Leo napenda kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu sababu yenyewe, kwani naamini ziko nyumba nyingi zenye shida kama yetu ambazo hazijapata mahali pa kuisemea.

Sababu ni harufu. Na harufu hiyo niliileta nyumbani mimi mwenyewe.

Mimi ni mkulima wa vitunguu na alizeti. Lakini katika ujana wangu nililima pamba pamoja na baba yangu, na pamba ndiyo iliyonifundisha kubeba bomba la kupulizia mgongoni. Siku zile tulitumia endosulfani, tukiisifu kwa jinsi ilivyoangusha wadudu. Mwaka 2011 nchi zilizomo katika Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kwamba sumu hiyo iondolewe katika matumizi, kwa kuwa hudumu kwa muda mrefu ardhini na katika miili ya viumbe. Sisi tulikwisha kuipulizia miaka mingi. Tena katika lugha yetu vitu hivi vyote tunaviita "dawa", na nadhani jina hilo limewaponza wengi, maana nani aogopaye dawa?

Nilipoiacha pamba nikaingia katika vitunguu, bomba sikuliacha. Kitunguu kina adui aitwaye thiripi, kidudu chembamba kinachojificha katikati ya majani na kuyafyonza mpaka yakawa meupe. Nilikuwa nikichanganya dawa mbili au tatu katika ndoo moja, nikikoroga kwa kijiti, kisha nikipulizia nikiwa nimevaa kandambili na shati la mikono mifupi. Jioni nilivua nguo zile nikampa mke wangu azifue kwa mikono yake. Chupa nilizihifadhi chini ya kitanda, ili wezi wasizipate. Vidumu vilivyokwisha tulivisuuza, vikawa vya kutekea maji. Sisemi haya kwa kujisifu, bali ili msomaji ajue kwamba niliyafanya kwa mapenzi, nikiitafutia jamaa yangu chakula.

Msimu wa mwaka 2013, usiku mmoja nililala shambani kulinda vitunguu vilivyokuwa vimekomaa. Nyumbani chupa moja ilivuja chini ya kitanda, na mke wangu alikuwa amefunga madirisha kwa sababu ya baridi. Alfajiri mtoto alinijia mbio. Nilimkuta mama yake analowa jasho, mate yanamtiririka, anatapika, na mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Tulimkimbiza hospitali. Mganga alinieleza kwamba sumu ya aina ile huzuia kimeng'enya kinachoituliza mishipa ya fahamu, hata misuli na tezi za mwili zikafanya kazi bila kupumzika. Alimchoma sindano za atropini, na baada ya siku chache mgonjwa akaruhusiwa kurudi nyumbani. Tukamshukuru Mungu, tukadhani yamekwisha.

La hasha, ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Majuma machache baadaye mke wangu hakuweza tena kuvumilia harufu ya mafuta ya taa. Ikafuata rangi ya mafuta iliyopakwa katika kuta za nyumba yetu. Ikafuata sabuni ya unga, manukato, dawa ya kufukuza mbu, na moshi wa pikipiki. Vitu ambavyo mimi sikuvinusa kabisa vilimletea maumivu ya kichwa, kifua kikambana, mikono ikatetemeka, na fikira zake zikawa kama zimefunikwa na ukungu. Ibada alisalia nje ya mlango. Harusi hakuenda. Hata shuka za wageni zilimfukuza chumbani.

Tulirudi kwa waganga. Damu ilipimwa, mkojo ukapimwa, kifua kikapigwa picha. Vyote vikaonekana salama. Mtumishi mmoja wa afya aliniambia mbele yake, "Mama hana ugonjwa, ana mawazo." Dada zangu walisema wifi yao anajidekeza. Ndugu yangu mmoja, mtu wa mzaha, alisema kwamba ameona uvivu wa kufua.

Na mimi je? Naona haya kuandika, lakini bila ya neno hili habari yangu itakuwa na uongo ndani yake. Mimi nilimjaribu. Usiku mmoja nilichukua kitambaa nikakichovya kidogo katika mafuta ya taa, nikakificha juu ya boriti bila yeye kujua. Akalala usingizi wake mpaka asubuhi, hakulalamika. Nilijiona mshindi. Kulipokucha nilikiteremsha kitambaa nikamwonyesha, nikamwambia, "Unaona, mama watoto? Ulilala nacho."

Alikitazama kwa kitambo, kisha akasema, "Ningefurahi kuliko wewe kama ningekuwa sina kitu. Lakini kwa nini umenitega kama panya?"

Sikuwa na jibu. Siku ya tatu yake, lori la kununua vitunguu lilisimama nyuma ya nyumba likiunguruma, naye akaanguka uani. Nilimbeba mimi.

Baadaye nilijifunza kwamba hata mabingwa wanabishana juu ya jambo hili. Katika Marekani, daktari Theron Randolph wa Chicago aliandika juu ya wagonjwa wa namna hii tangu miaka ya 1950, na mwaka 1987 daktari Mark Cullen wa Chuo Kikuu cha Yale aliyapa maradhi hayo jina na kueleza dalili zake. Wako wataalamu waliowapima wagonjwa bila ya kuwaambia wamepewa hewa safi au yenye kemikali, na wagonjwa wengi hawakuweza kutofautisha. Kwa hiyo husema kwamba chanzo kimo katika hofu na kumbukumbu za mwili. Wengine husisitiza kwamba sumu imeacha jeraha ambalo vipimo vya leo havilioni. Lakini wote wawili, yule na huyu, hukiri kwamba mgonjwa anaumwa kweli. Neno hilo lilinitosha. Mimi nilikuwa nimeendesha kesi nyumbani kwangu ili nimshinde mke wangu. Na mume akimshinda mkewe katika kesi kama ile, amepata nini?

Ndipo tulipohamia katika tembe. Kuta zake ni miti na udongo, sakafu yake ni udongo, na hapajapakwa rangi tangu ijengwe. Tuliondoa koroboi, tukatumia taa ya jua. Moto wa kupikia tuliuweka nje, upande unakokwenda upepo. Chandarua tulitafuta kisichotiwa dawa, tukakichomeka vizuri chini ya godoro, maana mbu hana huruma kwa mtu yeyote. Usiku wa kwanza nilimsikia mke wangu akikoroma, na sauti ile niliipenda kama ngoma ya mavuno.

Lilibaki shamba. Bomba nililiacha mwaka 2014, na sitaki kumdanganya msomaji kwamba lilikuwa jambo jepesi. Mahali nilipokuwa nikivuna magunia 30 ya vitunguu, mwaka ule nilivuna 11. Thiripi waliniadhibu. Taratibu nikajifunza: samadi iliyooza vema badala ya mbolea ya dukani, kutopanda vitunguu mahali pamoja miaka miwili mfululizo, kutandaza nyasi ili udongo usikauke, kwa kuwa mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, kutengeneza mbegu yangu mwenyewe, isiyopakwa unga wa rangi. Mbegu za mwarobaini tulizitwanga, gramu 50 kwa kila lita ya maji, tukaziloweka usiku kucha, tukachuja na kunyunyizia jioni. Harufu yake ni kali, lakini mke wangu huivumilia. Kwa nini aivumilie hiyo na kushindwa na manukato, hajui yeye wala mimi. Mavuno yamepanda, ila hayajafika 30. Ipo alama ya Kilimohai kwa mazao yaliyolimwa bila kemikali, kufuatana na viwango ambavyo nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2007, lakini sisi hatujaipata, na mnunuzi wa gulioni hulipa bei moja kwa kitunguu changu na cha jirani.

Tena Singida ni nchi ya upepo. Wataalamu wa umeme wamekuja kuupima upepo wetu kwa ajili ya mitambo. Mimi nimeupima kwa kifua cha mke wangu. Jirani yangu wa upande wa mashariki alipopulizia mchana, tembe yetu ilikuwa haina mlango wa kutosha kuizuia harufu. Nilikwenda kwake mara tatu kumwomba anipe habari mapema. Alinisikiliza kwa adabu, akanikaribisha uji, na kesho yake akapulizia saa sita ya mchana.

Wakati huo tulikuwa tumetundika mizinga ya nyuki. Mwaka mmoja alizeti ikiwa katika maua, jirani alipulizia jua likiwa utosini. Asubuhi ya pili nyuki wetu walikuwa wamerundikana chini ya mizinga, wengine bado wakichezesha miguu. Nikamwita. Aliinama, akawazoa kwa kiganja, akawatazama kwa muda mrefu. Mwaka ule vichwa vya alizeti yake vilijaa mapepe, maana alizeti haizai vizuri bila ya nyuki. Akaja mwenyewe jioni, akasema, "Tangu leo nitapulizia jua likizama na upepo ukitulia, nami nitakuarifu siku moja kabla, uwafungie nyuki wako."

Nilimshukuru. Lakini usiku ule mke wangu aliniambia kwa sauti ya chini, "Nyuki wamesadikiwa siku moja. Mimi nina miaka mitano." Maneno hayo hayajanitoka. Nyuki waliweza kuzolewa kwa kiganja. Maumivu yake yalikuwa hayana cha kuzoa.

Jirani ameitimiza ahadi yake. Miaka ya kwanza alikuwa akisimama karibu na ua wetu wa minyaa na kunipigia kelele mimi: "Fungia nyuki, kesho napulizia!" Msimu uliopita nilikuwa nyuma ya zizi, nikamsikia akibisha hodi ya taratibu, kisha akasema, "Shemeji, kesho jioni nina kazi shambani. Ukiweza, nenda kwa mama mdogo mpaka asubuhi. Na nyuki pia wafungiwe." Mke wangu akamjibu, "Ahsante, shemeji." Halafu akaingia ndani, akakaa kimya kwa muda.

Ndugu msomaji, mashauri yangu si mengi. Ikiwa unapulizia, usilete chupa katika nyumba wanamolala watu, nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake, tena na yule aliyezivaa, na kidumu cha sumu kisitekewe maji hata kikisuuzwa mara 100. Na ikiwa katika nyumba yako yuko anayesema anaumwa na kitu usichokiona wala kukinusa, usingoje cheti ndipo umsadiki. Mimi nilichelewa, na katika kuchelewa kwangu mtu aliyenifulia nguo kwa miaka mingi alilala chini ya kitambaa nilichomtegea.

Juzi watoto waliniuliza kama tutarudi katika nyumba ya bati. Niliwaambia kwamba tumeifanya ghala ya vitunguu, na vitunguu havijalalamika.