Injini Ilikuwa Semesta ya Kwanza

Mwaka wa 2023 nilimwandikia mteja mmoja wa Marekani makala ya maneno 1,500 kuhusu jinsi ya kujenga hotrodi nyumbani kwa vipuri vya kuokoteza. Alitaka isikike kama mzee aliyeshika spana miaka 30. Mimi nilikuwa na miaka 24, niko Kahawa West, na sijawahi kubadilisha hata plagi. Niliimaliza kwa usiku mmoja. Niliandika kwamba grisi hukaa chini ya kucha zangu hadi Jumapili kanisani. Mteja akajibu kwamba akisoma anasikia harufu ya gereji. Akalipa dola 18.

Nje ya dirisha langu, hatua nne kutoka kwa laptopu, kulikuwa na pikapu ya Datsun 1200 iliyokalia mawe. Haikuwa na injini, giaboksi, tairi wala boneti. Kuku wa jirani walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Niliinuka kufunga pazia.

Hiyo pikapu ni ya mama yangu. Aliinunua mwaka wa 2009, kuukuu tayari, na kila siku saa kumi alfajiri aliiwasha kwenda Marikiti kuchukua viazi na kabeji, akarudi kuuza Githurai. Wanawake wanaoendesha pikapu yao sokoni hawakuwa wengi. Watu wakamwita Mama Datsun. Mpaka leo wanamwita hivyo, ingawa kwa miaka mingi amekuwa akilipia nafasi kwenye lori la wenzake na kumalizia na mkokoteni.

Mwaka wa 2018 niliitwa chuo kikuu, kusomea uhasibu. Mkopo ulichelewa. Mama akaita fundi, injini ikang'olewa na kuuzwa shilingi 22,000. Hiyo ndiyo ilikuwa semesta ya kwanza. Januari vikafuata giaboksi, rimu na tairi zake, betri, boneti: 17,500. Hiyo ilikuwa semesta ya pili. Aliandika yote kwenye daftari lile lile la viazi.

Hajawahi kunikumbusha. Hata siku moja. Afadhali angenikumbusha.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Nyumbani nilisema ni karo, na kwa mtaa wetu hiyo ni sababu ambayo haiulizwi swali la pili. Ukweli ni mwingine. Nilikuwa nimeanza raitingi, ile kazi ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo. Usiku niliandika insha za uuguzi, za saikolojia, za historia ya Ulaya. Asubuhi nililala. Nilikosa mitihani yangu nikiandika ya watu. Karo ya muhula ule nilikuwa nayo kwa M-Pesa. Niliila kidogo kidogo mpaka ikaisha.

Halafu ChatGPT ikaja mwishoni mwa 2022, na kufikia katikati ya 2023 raitingi ilikuwa imekauka kama kisima cha Februari. Ndipo nikaanza kuandika chochote: magodoro, vitamini za mbwa, hotrodi.

Kwa ile dola 18 nilisoma sana, na nikaendelea kusoma hata baada ya kulipwa. Nilidhani hotrodi ni mchezo wa matajiri. Kumbe ilianza na vijana wasio na kitu. California ya Kusini, miaka ya 30 na 40, walichukua Ford zilizozeeka, wakang'oa madigadi na kila kitu kinacholeta uzito, wakaenda kuzikimbiza kwenye maziwa yaliyokauka, Muroc na El Mirage. Mwaka wa 1932 Ford ilitoa injini ya V8 ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua, nguvu farasi 65. Magari hayo yalipogongwa au kuchoka, injini ziliishia kwenye yadi za vyuma, na hao vijana walikuwa wanangoja pale. Ford ilipoanza kutumia breki za majimaji mwaka wa 1939, wakawa wanazihamisha kutoka kwa gari lililokufa hadi kwa gari la zamani lililo hai. Wengi waliyaacha magari na rangi ya msingi tu, bila kung'arisha.

Siku hizi huko kuna wanaojenga hotrodi ya kitamaduni, yaani gari lionekane kama limeundwa kabla ya katikati ya miaka ya 60. Unaweza kununua bodi ya Ford ya 1932 iliyotengenezwa upya, chuma kipya kabisa, halafu ujenge gari kuukuu kutokana nayo. Nilisoma hayo nikacheka, maana kuunganisha gari lililokufa na lililo hai ni kitu ninachokiona kila siku nikipita Grogan au Kariobangi. Sisi hatukuiita utamaduni. Tuliita kukosa pesa. Na kwa sababu sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, pikapu ya zamani ikifa hapa huagizi nyingine. Unaifufua au unaipima kwa kilo.

Ya mama ilikaribia kupimwa. Januari 2022 alikubaliana na mnunuzi wa vyuma vikuukuu aje Jumamosi. Wiki hiyo serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa na nchi kukaa gizani. Marufuku iliondolewa Mei, lakini yule jamaa hakurudi, na mama hakumtafuta.

Kwa hivyo Machi 2024, nikiwa na akiba ya 30,000, nilimwambia, "Mama, naomba nitengeneze Datsun."

Alikuwa anachagua viazi. "Wewe?"

"Mimi na fundi."

"Fundi ndiye atatengeneza. Wewe utafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Akasema, "Waondoe kuku kwanza."

Fundi nilimpata Kariobangi, Light Industries, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nilimweleza mpango wangu kwa mpangilio ule ule niliouandika kwenye makala: tutafute injini, tuitie, kisha giaboksi, bodi, rangi, breki mwisho. Mzee aliniangalia kwa huruma.

"Kijana, umeona mkokoteni?"

"Nimeona."

"Nyuma kuna nini?"

Nikafikiria. "Kipande cha tairi."

"Cha nini?"

"Cha kufunga breki."

"Basi. Hata mwenye mkokoteni hufunga breki kabla ya kutafuta mzigo. Wewe unataka kununua injini ya kukukimbiza ukutani."

Nilitaka kucheka lakini nikakumbuka kwamba makala yangu iko huko nje, kwa jina la mtu mwingine, na labda kuna kijana mahali anaifuata hatua kwa hatua. Usiku huo nilimwandikia mteja nikamwomba abadilishe mpangilio. Hakujibu.

Tulianza na breki. Mzee ana sheria: karibu kila kitu kinaweza kutoka kwa gari lililogongwa, isipokuwa paipu za mpira za breki, shuu za breki na mafuta yake. Hivyo hununuliwa vipya hata kama mtalala njaa. Breki zilimeza 14,500, nusu ya akiba yangu, na pikapu haikuwa imesonga hata inchi.

Ikafuata sakafu. Kutu ukiiangalia inaonekana ya shilingi kumi. Ukiweka grinda, inakuwa ya mia. Kazi ni kukata mpaka ufikie chuma kinachong'aa. Tulitengeneza sakafu mpya kwa pipa la mafuta lililonyooshwa, kama wanavyofanya wapiga masanduku wa Kamukunji. Nilikuwa nimeleta mabati ya paa yaliyobaki kwa jirani nikidhani nimeokoa pesa. Mzee akayatupa kando. Bati la paa lina zinki, akasema, ukilichomelea moshi wake utakulaza kama malaria.

Injini ilipatikana Agosti: Toyota 5K, ya kabureta, kutoka kwa TownAce iliyobiringika. Pamoja na giaboksi, 35,000. Nililipa kwa awamu tatu na makala nyingi sana za magodoro. Tuliininginiza kwa cheni kwenye mparachichi wa ploti, landilodi akiangalia tawi lake kuliko injini. Injini ya Toyota haina haja ya kukubaliana na chasisi ya Datsun, kwa hivyo unakata mfano wa vishikio kwa kartoni, unajaribu, unakosea, unakata tena, na kartoni ikikubali ndipo unakata chuma cha milimita 6. Propela nayo ilibidi ikatwe na kuungwa upya. Ikipinda hata kidogo, gari linatetemeka kama mtu mwenye homa.

Nilikuwa mtu wa kushika tochi. Baadaye nikawa mtu wa grinda. Kufikia Oktoba, Mzee alikuwa ananiachia kazi na kurudi jioni kuikagua, na mara mbili hivi alikagua bila kusema kitu, na hiyo kwake ni sifa.

Kublidi breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini anafungua nati ndogo kwenye gurudumu ili hewa itoke na mafuta, halafu anaifunga kabla pedali haijaachiliwa. Jioni moja Mzee hakuja. Mama akapanguza mikono kwa leso, akaingia kwenye kiti kilichokuwa cha kuku.

"Kanyaga, Mama."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Nilikuwa chini, naona viatu vyake tu. Labda ndiyo sababu iliweza kutoka.

"Mama, sikuacha chuo kwa sababu ya karo."

Hakusema kitu. Nikaendelea, haraka, nikielekea kwenye bomba la giaboksi: pesa nilikuwa nayo, niliila, nilikuwa naandikia watu, nilikosa mitihani. Mafuta ya breki yalikuwa yananidondokea mkononi.

"Umefunga nati?" akauliza.

"Bado."

"Funga. Nikiachilia sasa hewa itarudi ndani."

Nikafunga. Akaachilia. Akasema, "Gurudumu lingine."

Tulimaliza yote manne hivyo. Kanyaga, shikilia, achilia. Kisha akaingia ndani na hakuzungumza nami ila kwa mambo ya chakula siku tatu. Siku ya nne, tukiwa tunamenya maharagwe, akauliza bila kuniangalia.

"Hao uliowaandikia, walipita?"

"Walipita."

"Wote?"

"Karibu wote."

Akaendelea kumenya. "Kwa hivyo akili ilikuwepo." Sijui mpaka leo kama ilikuwa pongezi au matusi. Nadhani ilikuwa vyote.

Injini iliwaka Novemba, mara ya kwanza kwa kelele, mara ya pili kwa moshi, ya tatu kwa mdundo. Watoto wa ploti walipiga makofi. Pikapu ina rangi nyekundu ya msingi tu, kwa sababu pesa iliishia hapo, na haina boneti, injini iko nje inaonekana kama moyo wa mtu aliye kwenye upasuaji. Nilimweleza mama kwamba huko Marekani hivyo ndivyo wanavyopenda, na kwamba kwa kweli tungeng'oa na madigadi.

"Gari la viazi halitembei uchi," akasema. "Tafuta boneti."

Bado naitafuta. Ya saizi hiyo si rahisi kuipata, na ukiona moja Grogan kwanza unajiuliza ilitoka wapi. Vilevile namba ya injini mpya lazima iingie kwenye logibuku, na kuna ukaguzi. Kwa hivyo tuliiendesha kwenye murram nyuma ya ploti tu, hadi kwa kanisa na kurudi. Breki inavuta kushoto kidogo. Nilipomwachia mama usukani, hakuuliza gia ya Toyota iko wapi. Mkono wake uliitafuta mwenyewe, ukaipata. Nilikuwa nimesahau kwamba nilimfahamu kwanza kama dereva.

Jioni hiyo alileta lile daftari. Nilimsomea gharama moja moja: breki, sakafu, injini, propela, tairi, rejeta, waya, betri. Akajumlisha kwa kalamu, bila simu. 96,400. Juu yake, kwa wino uliofifia, kulikuwa na 22,000 na 17,500.

Akaziangalia hizo namba muda mrefu.

"Nilivunja kwa 39,500," akasema. "Wewe umejenga kwa 96,400. Na ulisema ulikuwa unasomea uhasibu?"

Alicheka kwanza yeye. Kisha nikacheka mimi, na kwa sababu fulani sikuweza kuacha, nikatoka nje nikajifanya naangalia maji ya rejeta.

Aliponipata huko, alikuwa na tochi. Alimulika sakafu ya pipa, akaikanyaga mara mbili na kisigino, akamulika na huko nyuma kwenye keria.

"Itabeba magunia mangapi?"

"Mzee anasema tusizidishe matano."

"Matano," akasema, akihesabu kitu kichwani. "Sawa. Likipita ukaguzi, saa kumi alfajiri uwe macho. Wewe ndiye utabeba."