Land Rover ya Mzee wa Buzwagi

Huku kwetu V8 haimgeuzi mtu shingo. Simama dakika kumi kwenye barabara ya Kahama kwenda Isaka, utahesabu Land Cruiser mpya tatu au nne, na vijana wa bodaboda hata hawainui macho. Ni ukanda wa dhahabu huu. Mtu akipata, gari kwanza, nyumba itafuata. Kinachonigeuza shingo mimi ni mkweche.

Ugonjwa huu ulinianza nikiwa darasa la tatu. Mwalimu wetu mmoja alikuwa na Peugeot 404 ya rangi ya maziwa, na sisi wanafunzi ndio tuliokuwa stata yake: yeye anakaa ndani, sisi tunasukuma. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo, nikasoma kwamba gari la aina ile lilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na kwamba katika mashindano ya 1963 na ya 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Nilicheka peke yangu maktaba. Kumbe tulikuwa tunamsukuma bingwa.

Tangu hapo naangalia magari kama wengine wanavyoangalia mpira. Sharti langu ni moja: liwe barabarani, linafanya kazi. Makumbusho ya Taifa kule Dar es Salaam kuna magari waliyopanda viongozi. Nimekwenda, nimeyatazama, nimetoka. Mimi nataka lile linalobeba mzigo.

Mwaka 2021 mgodi wa Buzwagi ulikuwa unafunga shughuli, miaka kama 12 tu tangu uanze kuzalisha. Nilitumwa kuandika habari ya watu wa vijiji vya jirani: watakula nini sasa? Natoka kwenye mahojiano, naona kando ya barabara Land Rover 109, imejaa magunia ya mpunga mpaka imeinamisha mkia. Taa zake za mbele zilikuwa katikati, karibu na rejeta, siyo kwenye madigadi. Anayejua anajua: hilo ni toleo la kabla miaka ya sitini haijaisha. Bodi imebonyea kila mahali lakini haina kutu, maana ni alumini. Fremu ya chini, ambayo ni chuma, ilikuwa imechomelewa mara nyingi mpaka sijui kama kilibaki cha kiwandani.

Mwenyewe alikuwa amelala chini yake, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Mwadila, baba," nikaamkia.

"Mwadila, mwanangu. Unanunua?"

"Hapana, naangalia tu."

"Haya, angalia. Kuangalia ni bure."

Akanihadithia kwamba aliipata kwenye mnada, enzi za ujana wake, na kwamba imepeleka wajawazito hospitali, maharusi kanisani na marehemu makaburini. Nikampiga picha akiwa ameegemea mlango, na jioni ile nikaiweka mtandaoni, nikataja na mahali. Kwa kweli nilijisikia fahari. Habari yangu ya mgodi ilisomwa na watu wachache. Ile picha ilisambaa.

Simu zikaanza. Mtu mmoja kutoka Arusha alisema anatafuta Land Rover ya taa za katikati kwa miaka. Nikampa namba ya mzee, tena bila kumwuliza mzee.

Nilirudi kijijini baada ya miezi minne hivi. Pale ilipokuwa inalala gari palikuwa na doa jeusi la oili na kuku wanaparura. Nilishikwa na kitu kama msiba. Nikaanza kuomba radhi: baba, ni mimi niliyeiponza gari yako, nisingeweka ile picha...

Mzee akanitazama kama mtu anayemsikiliza mtoto mgonjwa.

"Mwanangu, ile gari ilikuwa spana mkononi. Wiki inabeba mpunga, wiki inakula hela ya mpunga. Wewe umeiona siku moja ukaipenda. Mimi nimelala chini yake miaka thelathini."

Akanionyesha pawatila aliyonunua, na bati jipya. Sikuwa na la kusema. Huruma yote niliyokuja nayo, sikujua niiweke wapi. Nilikuwa nimemlilia mtu ambaye ametua mzigo.

Lakini wakati naaga niliona mlango wa zizi la mbuzi umezuiwa na chuma kirefu kilichopinda mara mbili. Nikakitambua. Ni hendeli, ile ya kuwashia gari kwa mkono betri ikifa.

"Hii hukuwapa?"

"Hawakuiulizia," akasema, na akaanza kuzungumzia mvua.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover. Nikajilipia nauli, nikaenda. Sijawahi kuona Land Rover nyingi kiasi kile: zilizopakwa rangi upya, zenye hema juu, zenye muziki. Siku nzima nilipita nikitafuta taa za katikati. Nilipoziona niliinama kutazama fremu, nitafute yale makovu ya kuchomelea. Wenyewe walinishangaa. Kama ilikuwepo, ilinipita, au imetengenezwa vizuri mno nisiitambue.

Siku hizi bado nageuza shingo. Juzi nimeona pikapu ya Datsun 1200 ikishusha dagaa sokoni, katika mji ambao leo sitautaja. Mwenyewe ni mama wa makamo. Nikamwuliza kwanza: mama, akikupigia mtu anataka kuinunua hii, utafurahi au utakasirika?

Akafikiri, mkono kwenye boneti.

"Inategemea na mwezi," akasema.

Picha iko kwenye simu yangu, na namba yake ninayo. Tumekubaliana atanipigia mwenyewe ukifika huo mwezi.