Kati ya Mwamba na Muamba

Wahenga walinena kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe. Shuleni tulifunzwa kuwa methali hii ni ya subira: tendo dogo likirudiwarudiwa hushinda kitu kigumu. Niliikubali jinsi mwanafunzi akubalivyo majibu yaliyo nyuma ya kitabu. Kamba yenyewe sikuwa nimeishika, wala jiwe lenyewe sikuwa nimelikabili, mpaka Jumamosi moja ya mwaka 2023, rafiki yangu wa chuoni aliponichukua kwenda kulitazama jumba moja la kukwea huko Nairobi.

Nasema kulitazama, na neno hilo nimelichagua kwa makusudi. Nilikuwa nimemwambia waziwazi kwamba nitaketi, nitanunua soda, nitamtazama akipanda, kisha turudi chuoni. Sababu sikumpa. Sababu yangu ilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, nami sikuwa nimemweleza mtu yeyote, hata mama yangu mzazi.

Kwetu ni Makueni, upande wa Kibwezi, ambako barabara kuu ya Mombasa hupita katikati ya mibuyu. Msafiri aliye ndani ya basi huiona mibuyu hiyo kuwa pambo la njiani. Kwetu sisi ni ghala. Ubuyu, ule unga wa tunda lake, hutiwa katika uji na hutengenezewa peremende za watoto. Majani machanga ni mboga. Gome lake hutoa nyuzi ambazo mama zetu walizisokota wakasuka vyondo, na nyuzi hizo hizo zikisokotwa nene huwa kamba. Juu matawini, wazee walitundika mizinga ya magogo.

Lakini shina la mbuyu halikumbatiki. Mkwezi wa pwani huuparaga mnazi kwa mikono na miguu. Mbuyu ni mpana kuliko mikono ya watu watatu wanne walioshikana. Dawa yake ni vigingi. Vijiti vya mti mgumu huchongwa ncha, kisha hugongwa katika shina lile laini kimoja baada ya kingine, kulia na kushoto, hadi kwenye matawi. Kuna mibuyu yenye vigingi vya babu, vya baba na vya mjukuu, vyote katika shina moja.

Aidha, kuna jambo dogo la lugha ambalo wasomaji wa jarida hili huenda wakalipenda. Kwa Kikamba, mbuyu huitwa muamba. Nilipokutana kwa mara ya kwanza na neno mwamba katika kitabu cha Kiswahili, nikaagizwa nilichoree picha, nilichora mti mnene wenye matawi machache. Mwalimu aliukata kwa wino mwekundu, akachora jiwe kando yake. Tangu siku hiyo maneno hayo mawili yameishi kichwani mwangu kama mapacha wasiofanana: moja la kupandwa, jingine la kuogopwa. Baadaye yote mawili yakawa ya kuogopwa.

Mjomba wangu alikuwa mrina asali. Nilipokuwa mdogo nilimsihi anifunze kupanda, naye kila mara alinijibu kwa jibu lile lile: "Mpwa wangu, nenda kwanza ukazunguke Nzambani mara saba, kisha urudi hapa tuzungumze." Nzambani ni jiwe kubwa lililosimama peke yake nje ya mji wa Kitui, na masimulizi ya Wakamba husema kwamba anayelizunguka mara saba hugeuka jinsia: mwanamume huwa mwanamke, na mwanamke huwa mwanamume. Kurina asali mtini ilikuwa kazi ya wanaume. Mjomba alikuwa akinikataza kwa mzaha, nami nilielewa.

Mwaka 2011 ulikuwa wa ukame. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Alasiri moja mjomba alikuwa amepanda mbuyu ulio nyuma ya boma la nyanya, nami nimesimama chini. Alipoanza kushuka, niliona buyu moja kubwa lililosalia kwenye ncha ya tawi. Nikamwita: "Mjomba, lile pale! Nichumie lile!" Akasita, akageuka, akarudi juu hatua mbili. Nilisikia mlio mkavu kama wa kuni inayovunjwa gotini. Kigingi kilikatika. Mjomba alianguka kutoka kimo cha paa la nyumba, akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo anatembea kwa mkongojo, na mibuyu haijamwona tena.

Watu wazima walisema ni bahati mbaya. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nimesema nini. Nikanyamaza kwa miaka kumi na miwili, na kwa miaka yote hiyo sikupanda kitu chochote kilichozidi kiti.

Basi fikiri, ndugu msomaji, hali yangu nilipoingia katika jumba lile. Kuta zilikuwa ndefu, nyingine zimesimama wima, nyingine zimeinama kuelekea kwa mtu kana kwamba zataka kumwangukia. Na kutoka chini hadi juu, kulia na kushoto, zilikuwa zimepigiliwa vigingi! Havikuwa vya mti. Vilikuwa vishikio vya plastiki ngumu vya rangi nyekundu, manjano, kijani na buluu, vingine vinene kama kiazi kikuu, vingine vyembamba kama ukingo wa kisahani. Kila rangi ilikuwa njia yake. Anayefuata nyekundu hagusi kijani.

Nilielezwa kwamba ukweaji wa humo ni wa aina mbili. Kwenye kuta ndefu mkwezi huvaa mshipi kiunoni na mapajani, hufungwa kamba kwa fundo lenye umbo la tarakimu nane, na mwenzake aliye chini huishikilia kamba hiyo. Kwenye kuta fupi, ambazo kwa kawaida hazizidi mita nne na nusu, hakuna kamba hata kidogo. Chini pametandikwa magodoro mazito. Njia fupi hizo wakwezi huziita matatizo. Anayefika juu husemekana amelitatua tatizo. Mchezo huu umepata heshima duniani, kwani uliingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Tokyo, katika mashindano yaliyofanyika mwaka 2021.

Kijana aliyekuwa akifundisha aliniuliza ninatoka wapi. Nilipomjibu, uso wake ulichanua. "Ukambani? Si kwa akina Kisoi Munyao? Basi kwako hii ni kazi ya nyumbani." Alikuwa akimtaja yule mwana wa Ukambani aliyeipeleka bendera ya Kenya juu ya Mlima Kenya wakati wa uhuru, Desemba 1963, na aliyefariki mwaka 2007. Nilitabasamu kwa aibu. Jina la shujaa ni mzigo mzito kwa mtu aogopaye kiti.

Nikamwambia ukweli kwa mara ya kwanza, ingawa nusu yake tu: naogopa kuanguka. Nilidhani ataniambia kwamba sitaanguka. La hasha. Alinipeleka kwenye godoro, akasema, "Vizuri. Hapa tunaanza na kuanguka." Akanifunza kama mtu amfunzavyo mtoto hesabu: tua kwa miguu yote miwili, kunja magoti, jiachie mgongoni, mikono uikunje kifuani wala usiitupe nyuma kujizuia, maana ndiyo ivunjikayo. Nikaruka kutoka kimo cha goti, kisha cha kiuno, kisha cha kifua. Nilianguka mara kumi au zaidi kabla ya kugusa kishikio kimoja cha ukutani.

Kisha nikavaa viatu vya mpira vilivyobana vidole, nikajipaka viganjani unga mweupe unaokausha jasho, nikasimama mbele ya tatizo la rangi ya manjano, lililo jepesi kuliko yote. Kishikio cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne magoti yalianza kutetemeka kama cherehani. Masikio yangu yalikuwa yakiusubiri ule mlio mkavu. Haukuja. Vidole vilichoka tu, vikaachia, nami nikaanguka, magoti yamekunjwa, mikono kifuani. Nikalala chali nikitazama taa za dari. Hakuna aliyepiga ukemi. Hakuna aliyekimbia kuita wanaume waje na machela. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akisubiri zamu yake, alisema tu, "Jaribu kuweka mguu wa kushoto kwanza."

Nilianguka mara sita kwenye tatizo hilo. Mara ya saba niligusa ukingo wa juu kwa mikono miwili. Saba! Nikamkumbuka mjomba na Nzambani yake, nikacheka peke yangu juu ya ukuta hadi watu wakanitazama.

Njiani kurudi chuoni, mimi na rafiki yangu tuliingia katika mjadala ambao wanafunzi wa Kiswahili hawawezi kuukwepa: mchezo huu tuuiteje? Yeye alitaka kupanda. Nilipinga: mtu hupanda mahindi, hupanda basi, hupanda cheo, neno limebeba mizigo mingi. Yeye akaleta kuparamia. Nikasema hilo lina harufu ya pupa na kukosa ruhusa. Kuparaga kulitufaa kwa uzuri wake, ila huko ni kwa kukumbatia, na ukuta haukumbatiki kama vile mbuyu usivyokumbatika. Tukaishia kwenye kukwea, kwa kuwa tayari kuna mkwezi, na mkwezi ni mtu wa heshima. Pwani walipata msamiati wao kutoka kwa mnazi. Nikajiuliza kimoyomoyo, je, sisi tuliokulia kwenye vigingi vya muamba tumeiletea lugha hii neno gani? Mimi nilikuwa nimeuletea kimya.

Desemba hiyo mvua zilikuwa zimenyesha sana, na nyika yote ilikuwa kijani. Binamu yangu alikuwa akioa Kitui, hivyo tukasafiri kwa barabara ya lami inayotoka Kibwezi na kupita Mutomo, mjomba ameketi karibu na dirisha, mkongojo wake kati ya magoti. Siku ya pili baada ya harusi nilimwomba anisindikize Nzambani. Jiwe hilo lina ngazi za chuma ubavuni mwake kwa ajili ya wageni. Mjomba aliketi chini kivulini. Nilipanda ngazi nikishikilia vyuma kwa nguvu, nikafika juu, nikaiona nchi ya Kitui imetandazika hadi kwenye vilima vya mbali, kisha nikashuka. Alinipokea kwa mzaha wake wa kale: "Mbona umepanda kabla ya kuzunguka?"

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimweleza kuhusu buyu lile la ncha ya tawi, na sauti yangu iliyomrudisha juu, na miaka yangu kumi na miwili. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, akichora mchangani kwa ncha ya mkongojo.

"Buyu?" aliuliza hatimaye. "Mimi silikumbuki buyu lolote. Nilirudi juu kwa sababu nilikuwa sijaufunga vizuri mzinga." Akanyamaza, kisha akaendelea. "Kigingi kile nilikigonga mwenyewe, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Nilijua kimeliwa na mchwa. Kila nilipopanda nilijiambia nitakibadilisha kesho."

Sijui hadi leo kama alisema kweli juu ya mzinga au alikuwa akinitua mzigo. Sikumuuliza. Nilimweleza kuhusu jumba la Nairobi: kuta, rangi, magodoro, unga mweupe. Yote hayo aliyapita upesi. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Vile vigingi vyao, nani huvijaribu?"

Nikamweleza kwamba vimekazwa kwa bolti, na kwamba kila baada ya muda huondolewa vyote, vikasafishwa, vikafungwa upya katika njia nyingine. Alitikisa kichwa polepole kwa kuridhika. "Basi hao wana akili. Sisi tulifikiri kigingi kikishagongwa kimekwisha. Baba akagonga, mimi nikapanda juu ya imani ya baba."

Tuliporudi Kibwezi alinipeleka nyuma ya boma la nyanya. Alikuwa amebeba nyundo, nami vigingi vipya sita alivyovichonga usiku. Siku hizi mizinga yake ni ya masanduku, ile yenye vijiti vya juu iliyoenezwa nchini tangu miaka ya 1970, nayo huning'inia kwenye kimo cha kiuno. Mama na hata mimi tunaihudumia bila kupanda popote. Hakukuwa na haja ya kuukwea mbuyu ule. Hata hivyo, watoto wa jirani huupanda kila msimu wa mabuyu, na hilo sote wawili tulilijua.

Nilianza na kigingi cha kwanza, nikakivuta kwa uzito wangu wote. Kilikuwa imara. Cha pili vilevile. Cha tatu kilicheza kama jino la mtoto. Nikaking'oa kwa mkono mmoja, nikamrushia mjomba chini, naye akakivunja juu ya goti lake zima. Mlio ulikuwa ule ule mkavu. Nikashtuka kidogo, nikanyoosha mkono kuelekea chini, naye akanipa nyundo.