Injini ya Raum



Wengi wenu mnalifahamu gari langu dogo, ile Starlet yenye mlango wa nyuma unaoinuliwa juu, ambayo wanakwaya waliipa jina la Kobe. Jina hilo lilistahili. Jumapili moja nilikuwa nimewapakia waimbaji watano, na katikati ya kilima kinachopanda kutoka barabara ya ziwani gari likakataa. Wakashuka wakicheka, wakatembea kwa miguu, nami nikawafuata kwa gia ya kwanza. Walifika kabla yangu. Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni sikucheka. Mtu wa miaka zaidi ya hamsini, tena mwalimu, hapendi kuchekwa na watoto aliowafundisha kusoma.

Mpwa wangu ni fundi. Akaniambia, “Mjomba, kuna Raum iliyopinduka, imeletwa na mashua kutoka Kigoma, mwenyewe anaiuza vipande vipande. Injini yake ni ndugu wa hii yako.” Akanieleza, nami nikasikiliza kama mwanafunzi. Starlet yangu ilitoka kiwandani na injini ya aina ya 4E, yenye sentimita za ujazo 1331. Ile ya Raum ni 5E, yenye 1497. Upana wa silinda ni uleule, milimita 74. Kinachotofautiana ni mwendo wa pistoni, unaotoka milimita 77.4 hadi 87. Kwa hiyo yote mawili hukaa karibu mahali pamoja ndani ya gari, mradi ile ngeni ije na kompyuta yake na nyaya zake. Nguvu za farasi haziongezeki sana. Kinachoongezeka ni msukumo wa chini, ule unaohitajika gari likiwa na mzigo mlimani. Ndicho hasa nilichokitaka.

Kisha akataja mengine: klachi itazamwe, rejeta isafishwe, na breki za mbele zibadilishwe. Starlet zilizotoka kiwandani na injini ya turbo, alisema, zilipewa diski kubwa zaidi mbele, na zipo za kununua kwa mtu wa Lubumbashi. Nikamwuliza bei. Nikanyamaza. Fedha nilizokuwa nazo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya mabati ya nyumba, na injini peke yake ilikuwa inazimaliza. Nikamwambia, “Breki zitasubiri.” Alirudia mara mbili, kwa adabu, kama mtoto anavyopaswa kumrudia mjomba wake. Mara ya tatu hakurudia.

Ili kuituliza nafsi yangu nilimsimulia habari za Liemba. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, baada ya mafundi wao kuzipaka mashine zake grisi nyingi zisiharibike. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na katika miaka ya 1970 ikaondolewa mashine za mvuke na kutiwa injini za dizeli. “Unaona?” nilimwambia. “Mwili wa zamani, moyo mpya.” Nilikuwa nasema kama niko darasani. Sikumwambia kwamba mvuke ulipoondoka, matangi ya kuchemshia maji nayo yalikosa kazi, wala kwamba hakuna aliyetia dizeli mle na kuviacha vingine vyote kama vilivyokuwa.

Injini ya zamani ilitolewa kwa mnyororo uliofungwa kwenye tawi la mwembe. Siku ya nne gari liliwaka. Nakiri kwenu kwamba nilipanda kilima kile mara tatu jioni hiyo, bila safari yoyote. Wanakwaya waliacha kusema Kobe. Nikaanza kupakia sita, na magunia juu yao. Na kwa kuwa kupanda kulikuwa rahisi, nikaanza kushuka pia kwa haraka, jambo ambalo injini haikuniomba.

Kwa miaka mingi nimeandika ubaoni kwamba mwendo ukiongezeka mara moja na nusu, nguvu ambayo breki hulazimika kuimeza huongezeka mara mbili na robo. Nimewasahihisha wengi waliokosea hesabu hiyo.

Asubuhi ya soko nilikuwa nikishuka na abiria watano. Msichana wa kama miaka tisa akakatiza na beseni la ndagala kichwani. Nilikanyaga breki kwa mguu wote. Gari liliendelea, likipunguza mwendo polepole, kama ambavyo siku zote lilikuwa likifanya. Mtoto aliruka. Beseni lilibaki chini ya gurudumu, na samaki wakatapakaa barabarani hadi mtaroni.

Mama yake alikuja akipiga mayowe, na watu wakakusanyika. Nikasikia mdomo wangu ukisema, “Breki zimekatika.” Hazikukatika. Mtu mmoja akauliza nani alitengeneza gari hili, na mwingine akamtaja mpwa wangu, nami sikusema neno. Niliwalipa samaki, nikaomba radhi, nikashukuriwa kwa upole wangu. Ndiyo, nilishukuriwa.

Katika juma lile watu wawili waliondoa magari yao garajini kwake. Hakunijia kulalamika. Nilimkuta jioni amekaa kwenye tairi, akisafisha spana ambazo hazikuwa chafu, akanikaribisha: “Karibu, Mjomba.” Salamu hiyo ilinitesa kuliko tusi.

Jumamosi tulikwenda wote wawili nyumbani kwa yule mama. Nilitaka kuzungumza naye faraghani, lakini uongo niliusema mbele ya watu, hivyo nikaomba majirani waitwe. Niliwaambia kwamba breki zilikuwa nzima, kwamba fundi alinionya mara mbili, na kwamba mimi ndiye niliyechagua. Yule mama alimtazama mpwa wangu, si mimi, akamwuliza kama ni kweli. Kijana akasema, “Mjomba ameshasema, mama.”

Gari sasa limesimama chini ya mwembe likisubiri diski za Lubumbashi, na nyumba yangu itavuja msimu mwingine mmoja. Katika wale wawili walioondoa magari, mmoja amerudi garajini. Wa pili ni mwenye teksi. Nimemwendea nyumbani mara mbili kumweleza. Alinisikiliza vizuri, akanipa kiti, na bado anapeleka gari lake kwa mwingine.