Upanga Uliofuliwa Chini ya Marufuku

Mwezi Mei 2023, kampuni ya S-Game ya Beijing ilitangaza Phantom Blade Zero, mchezo wa video unaochanganya mapigano ya kung fu na mashine za kubuniwa. Mhusika wake mkuu, Soul, ni muuaji wa siri aliyesingiziwa kumuua mkuu wake, naye amebakiwa na siku 66 tu za kuishi. Mchezo huo ulitangazwa kwa ajili ya konsoli ya PlayStation.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mwaka 2000 serikali ya China ilipiga marufuku uuzaji wa konsoli, ikidai kuwalinda vijana. Zuio hilo lilianza kulegezwa mwaka 2014. Katika kipindi hicho, Liang Qiwei, mwanafunzi wa usanifu majengo, alitunga peke yake kwenye kompyuta mchezo mdogo uitwao Rainblood. Kutokana na mbegu hiyo ndipo ilipochipuka Phantom Blade Zero, anayoiongoza leo.

Tangu 2021, Mchina aliye chini ya miaka 18 huruhusiwa saa moja tu ya michezo ya mtandaoni siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Siidharau hofu ya wazazi. Uraibu upo, na wahadhiri tunauona madarasani. Lakini mtunzi wa michezo huanza kwa kuwa mchezaji, na sheria inayohesabu saa pekee haimtambui. Watunga sera wa popote wajiulize: tunapowafungia vijana mlango, ni akina Liang wangapi tunaowaacha nje?