Mgunda Mkali hadi Kwihara: Mguu mwepesi, mafuta kidogo, watoto salama

Tabora. Anayetoka Manyoni kwenda Tabora kwa gari hupita Itigi, akivuka pori lililowatesa wasafiri wa misafara ya karne ya 19. Wenyewe waliliita Mgunda Mkali. Maji yalikuwa ya shida, vichaka vilibana njia, na msafara uliotaka kufika Tura salama ulilazimika kuterekeza, yaani kuendelea na safari mchana wa jua badala ya kupiga kambi, ili uwahi penye kisima.

Leo kuna lami. Familia yenye gari hulimaliza pori hilo kwa saa chache, watoto wakiwa wamesinzia siti ya nyuma. Hapo ndipo kishawishi kinapoanza: barabara imenyooka, magari ni machache, na baba ana Subaru Impreza yenye turbo.

Magari ya aina hii yanapendwa na wazazi vijana. Yana milango minne na nafasi ya watoto, lakini moyo wake ni wa mashindano. Lawama yake huwa ni ile ile, kwamba yanakula mafuta. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ulaji huo iko kwenye mguu wa kulia wa dereva. Madereva wenyewe wameshalisema bila kujua: kuongeza mwendo wanakuita "kukanyaga mafuta".

Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo husukuma hewa zaidi ndani ya injini hiyo. Hewa ikiongezeka, kompyuta ya gari huongeza petroli. Dereva akikanyaga taratibu, turbo hufanya kazi kidogo na tangi hudumu. Akizamisha mguu, petroli humiminwa kwa wingi, na nyingine humwagwa kwa ajili ya kuipoza injini tu. Hiyo haimwongezei msafiri hata hatua moja.

Adui wa pili ni upepo. Gari likitoka kilomita 80 kwa saa hadi 120, mwendo umeongezeka kwa nusu tu, lakini nguvu ya upepo inayolizuia imepanda zaidi ya mara mbili. Mizigo juu ya keria huongeza mzigo huo. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa sanduku kubwa la mizigo juu ya paa linaweza kupunguza kilomita zinazopatikana kwa lita kwa asilimia 10 hadi 25 katika mwendo wa barabara kuu. Madumu ya asali ya Tabora yakae ndani ya buti, na keria isiyo na kazi ifunguliwe.

Je, haraka hiyo inaokoa nini? Kwa kila kilomita 100 za njia tupu, mwendo wa 100 humchukua dereva dakika 60. Mwendo wa 120 humchukua dakika 50. Ni dakika 10, ambazo mara nyingi hupotea kwenye kijiji kinachofuata, au mbele ya askari wa tochi.

Vijiji vyenyewe ni somo. Sheria inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu, na matuta yapo kuwakumbusha wanaosahau. Dereva anayekimbia mpaka kwenye tuta, akafunga breki ghafla, kisha akakanyaga tena, ananunua mwendo na kuutupa kila baada ya mita chache. Wizara hiyo hiyo inasema uendeshaji wa pupa unaweza kupunguza kilomita kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 barabara kuu, na kwa asilimia 10 hadi 40 penye kusimama na kuondoka mara kwa mara.

Anayeona kibao mapema huachia mafuta akiwa bado kwenye gia. Magari mengi ya kisasa, yakiserereka hivyo, hukata petroli kabisa. Kuweka gia huru kwenye mteremko hakuokoi zaidi, maana injini bado inahitaji mafuta ili isizime, na dereva hupoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo.

Pembeni ya lami kuna watoto wanaotoka shule, mama mwenye ndoo kichwani, na baiskeli iliyobeba mkaa mpana kuliko barabara inavyoruhusu. Shirika la Afya Duniani linasema kila ongezeko la asilimia 1 la mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa asilimia 4. Mtembea kwa miguu akigongwa na gari lenye mwendo wa 65, hatari yake ya kufa ni mara nne na nusu ya ile ya mwendo wa 50. Mguu unaookoa petroli ya mzazi mmoja ndio huo huo unaomwachia mzazi mwingine mwanawe.

Hata walio ndani hufaidika. Breki za ghafla na kona za kasi ndizo zinazowatibua watoto tumbo, na safari ya kutapika kwenye mfuko haina furaha kwa yeyote. Mkanda ufungwe nyuma kama mbele.

Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba mizigo ya takribani kilo 30 kati ya Tabora na pwani, wangemwelewa dereva mpole. Mbele yao alitangulia kirangozi, aliyeweka mwendo ambao msafara ungeuweza. Aliyepoteza nguvu zake asubuhi hakuwa na za jioni.

Kilomita chache nje ya mji wa Tabora, huko Kwihara, lipo tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Baada ya Stanley kuondoka kwenda pwani mwezi Machi, alikaa hapo hadi Agosti akingoja wapagazi na mahitaji. Leo ni makumbusho, na familia nyingi zinaweza kulifikia kwa mwendo mfupi.

Gari likifika, lizimwe. Injini inayounguruma bila kwenda inaweza kunywa lita moja hadi karibu mbili kwa saa, hasa kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na moshi wake ni sumu kwa watoto wanaocheza karibu. Wote washuke, maana mtoto haachwi ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa dakika chache.

Kabla ya kurudi, mzazi anaweza kujaza tangi, kuandika kilomita, na kwenda nyumbani bila kuzidi 80. Akifika ajaze tena na agawanye kilomita alizotembea kwa lita alizoongeza, kisha alinganishe na safari ya kuja. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na hakuna mzazi anayeweza kuzibadili akiwa pampuni. Mguu wake anaweza. Mwenda pole hajikwai, na huku Tabora hufika akiwa na nauli ya daladala ya wiki nzima mfukoni.